Mi Nimekuzoea

Jumatatu, 2 Septemba
Nimepalilia maharage kabla jua halijawa kali. Nikiwa bado na matope mikononi, binti yangu Zuhura akashuka kwenye pikipiki na begi kubwa. Amevuka mpaka pale Petite Barrière peke yake. Amemwacha mume Goma, upande wa Kongo.

Kisa chenyewe: alimuuliza mumewe, Safari, kama bado anampenda kama zamani. Safari akajibu, "Mi nimekuzoea." Basi. Miaka saba ya ndoa, jibu ndilo hilo.

Sisi tuliokulia Tabora tunalijua neno hilo. "Umenizoea" husema mtu aliyevunjiwa heshima.

Jumanne, 3 Septemba
Nimemweleza. Mapenzi ya mwanzo yana kelele: moyo unadunda, usingizi hauji. Mwili hauwezi kubeba hayo maisha yote. Yanatulia, na kutulia si kufa. Nadhani nimeeleza vizuri.

"Mama, unafundisha," akasema. Akaendelea kuchambua mchele.

Alhamisi, 5 Septemba
Safari hajapiga simu. Zuhura ameulizia chumba cha kupanga Rugerero, upande huu wa mpaka. Hapo nimeogopa. Akishahamia, aibu itamzuia kurudi.

Mchana, nikifua, nikakumbuka msiba wa baba yake Safari. Mjane hakusema kwamba alimpenda marehemu. Alilia neno moja tu: "Nilikuwa nimemuzoea." Wanawake wote wa Goma wakalia naye.

Neno ni lile lile. Zuhura amelisikia kwa sikio la Tabora. Mimi pia, mwalimu wa Kiswahili.

Nimempigia Safari. Aje aseme mwenyewe. Nikieleza mimi, litakuwa somo tena.

Jumamosi, 7 Septemba
Safari amekuja, na mto wa kulalia wa Zuhura kwapani. Wabeba mizigo wa mpakani wamemcheka njia nzima. Zuhura hakumpa kiti. Nikamuuliza Safari, kwenu mtu akisema amekuzoea, ana maana gani? Akafikiri kwanza.

"Mama, nyumba iko. Kitanda iko. Lakini bila yeye mi sijue kukaa mule."

Zuhura akamtazama sana. "Mbona hukusema hivyo?"

"Nilisema."

Akampa kiti. Nikaenda jikoni, nikakaa huko makusudi.

Jumapili, 8 Septemba
Waliondoka jana baada ya chai. Mto wameusahau.

Hapa kwangu Nengo kumetulia. Asubuhi nimetoa vikombe viwili, kimoja nikakirudisha kabatini. Wiki haijaisha, nami nimeshamuzoea. Neno hilo naliandika kama wanavyolisema Goma.