Pale Alipolala Bakari

Likoni

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Salamu zako zimenifika, nami nakuombea afya huko milimani. Huku tu wazima. Ukuta wa jikoni ulioangushwa na mvua za El Nino umejengwa upya, na mamako amerudi kazini.

Umeniuliza kwa nini mimea ya kutambaa, tena ya asili ya huko huko, inaufunika msitu kama adui. Mimi niliiona ilivyoanza.

Katika usichana wangu nilimfuata kaka yangu Bakari huko huko Taita uliko, yeye akipasua mbao, mimi nikipika kambini. Msitu ulikuwa na giza, na mimea hiyo ilikuwa michache, kama kamba nyembamba. Siku moja Bakari aliangusha mti mkubwa. Kamba zilikuwa zimeufunga na mti wa pili, nao ukavutwa, ukamwangukia.

"Dada, nitoe," aliniambia.

Sikuweza. Tulimzika hapo hapo.

Baada ya miaka nilirudi kumsomea dua. Miti mikubwa yote ilikuwa imekatwa, jua limeingia, na zile kamba zimekuwa nene kama mkono wangu. Kila mche uliojaribu kuinuka ziliukwea, zikaupinda hadi ukafa. Nilizikata kutwa nzima nikitafuta kaburi. Wallahi, sikuliona.

Hazikutoka mbali, mjukuu wangu. Zilikuwapo siku zote, na kivuli ndicho kilichozizuia.

Ukipita mahali kama hapo, msomee Bakari Fatiha. Huenda ukawa umesimama juu yake.

Bibi yako,
Mwanamkuu