Pete ya Mzee Masanja

Alhamisi, Juni 1995. Mkuyuni.

Milimita moja tu. Naandika hapa kwa sababu mbele ya Mzee Masanja nilishindwa kusema.

Kamera yangu ni ya Kirusi, ya enzi za kupanga foleni. Lenzi yake iliota ukungu, nikanunua ya Kijapani, maana siku hizi madukani kuna kila kitu isipokuwa kinachoingiliana na ulichonacho. Mzee Masanja, anayechonga vyuma vya injini za mitumbwi, akanichongea pete ya kuziunganisha.

Pete imekaa vizuri mno. Ila chochote kilicho mbali zaidi ya hatua tatu ni moshi mtupu.

Leo nikamrudia. Baada ya shikamoo nikamkumbusha kwamba nilimpa kipimo cha unene, maana pete ikizidi kidogo tu lenzi haioni mbali.

"Nilikiona, mwanangu," akasema. "Kilikuwa chembamba. Nikakuongezea unene kidogo, milimita moja tu, isije ikavunjika. Hiyo ni nyongeza, bure."

Nikasema ahsante. Kweli kabisa, nilisema ahsante.

Kuipunguza hawezi mpaka umeme urudi, na Jumamosi nina harusi Magu. Wanataka picha moja ya ukoo mzima, na ng'ombe wa mahari nyuma yao. Nikamuuliza nitawapigaje. Akafikiri sana.

"Wabanane," akasema.

Jioni nimejaribu kwa majirani. Kwa hatua tatu wanaenea watu watano, wakibanana kweli. Ng'ombe nimeshawasamehe.

Baba wa bwana harusi ana wake wanne. Hao wametosha. Sasa maharusi sijui nitawaweka wapi.