Vigingi Vilivyonyooshwa kwa Ajili ya Wageni

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Pacha, ndivyo ninavyojulikana mtaani kote
Umri: miaka arobaini na minne
Kazi: mwenye duka la kufulia nguo
Makazi: nyumba iliyo nyuma ya duka hilohilo

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Afande ameniambia nieleze ninayoyajua na nisitie chumvi. Sitii. Yenyewe yanatosha.

Mtaro uliolipuka jana ni wangu. Maji machafu ya mashine zangu yalikuwa yanarudi ndani ya duka, mpaka wateja wakawa wanakuja kuchukua shuka zao wamekunja suruali. Ikabidi tuchimbe mtaro mpya kutoka dukani, kupitia uani, hadi bomba kuu la barabarani. Kazi akapewa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ni mkandarasi. Sikuwa na neno. Kazi za mitaro anazijua, na ndugu ni ndugu.

Sharti langu lilikuwa moja tu. Chini ya ua wetu unapita waya mkubwa wa umeme unaolisha mtaa mzima. Watu wa umeme walithibitisha kwamba upo, ila hakuna aliyejua umepita wapi hasa, maana ulizikwa kabla nyumba zetu hazijajengwa. Nikasema katapila haligusi ua wangu mpaka waya huo uonekane kwa macho. Nikatafuta mwenyewe lori la kuchimba kwa maji. Kwa asiyelijua, lina mpira unaorusha maji ya presha kulainisha udongo, na bomba nene la kufyonza tope, kwa hiyo unafika kwenye waya bila chuma kuugusa. Wa kwanza niliyempigia aliniahidi kumaliza upesi kabla hata hajauliza kuna nini chini. Nikamkatia simu. Wa pili aliniuliza maswali mpaka nikachoka. Huyo ndiye niliyemchukua.

Mnamo Jumatatu asubuhi fundi huyo alikuja na lori lake. Alifungua mashimo membamba toka ukutani hadi getini, na kila shimo ukichungulia unauona waya umelala. Tukagundua haukunyooka. Katikati ya ua umejipinda kulikwepa karo la zamani la maji taka ambalo sisi wenyewe hatukujua lipo. Fundi akapanda vigingi vyekundu kuufuata waya, navyo vikajipinda vilevile. Akatuita sote watatu, mimi, mume wangu na shemeji, akatuambia katapila lisivuke vigingi, karibu na waya ni koleo la mkono na polepole. Mashimo akayafunika kwa mbao na kutuonya tusiyafukie mpaka bomba la mtaro liwe limelazwa. Shemeji akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia.

Jioni ileile, saa kumi na moja hivi, nilikuwa napiga pasi dirishani. Nikaona mbao zinaondolewa na mashimo yanafukiwa. Kamba ikavutwa kutoka ukutani hadi getini, na vigingi vilivyojipinda vikang'olewa na kupandwa upya kufuata kamba. Nilitoka na pasi yangu mkononi. Nikamuuliza shemeji anafanya nini.

"Shemeji, kesho naleta wageni wanaotaka kunipa kazi kubwa," akasema. "Wakiona vigingi vimepinda hivi watasema tulivipanda tukiwa tumelewa. Wakishapiga picha, navirudisha."

Nikamuuliza atakumbukaje vilipokuwa. Akacheka, akasema macho anayo. Nilimwambia avirudishe saa ileile, na nilimwambia kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Akasema sawa, nisijipandishe presha. Asubuhi, nilipokuwa natoka kupeleka shuka za hoteli, nikamkumbusha mume wangu ahakikishe vigingi vimerudishwa kabla ya katapila kuwashwa. Naye akasema sawa. Nyumba yangu, afande, inajua sana kusema sawa.

Jumanne hiyo, kwenye saa nne na nusu, nilirudi na vikapu vitupu. Wageni walikuwa wamekwisha kuondoka na katapila lilikuwa tayari linachimba. Dereva wake tunamwita Mpole, na hakupewa jina hilo kwa mzaha. Nikiwa getini nilimwona amepunguza moto wa injini, akatoa kichwa na kuuliza.

"Bosi, vigingi hivi ni vya yule fundi wa maji?"

"Ni vyake," shemeji akajibu. "Chimba, siku inakwenda."

Nilipiga kelele nikavitupa vikapu, lakini injini ilikuwa imeshapanda. Mpole alifuata vigingi sawasawa, hakuvuka hata kimoja. Alipofika karibu na lile karo nikasikia mshindo, nikaona mwanga wa buluu, na umeme wa mtaa mzima ukakatika. Mpole alikuwa ameinama kwenye mlango wa katapila kutazama mtaro. Uso na mkono wa kulia vikaungua.

Sasa sikiliza kilichonileta hapa. Watu walipokuwa wanambeba Mpole kumpeleka hospitali, shemeji alikuwa anapanda vigingi upya. Safari hii aliviweka pale pale alipoviweka fundi, kigingi kwa kigingi, na lile karo akalizunguka vizuri kabisa. Ndipo akawapigia ninyi polisi kuwaambia dereva wake mzembe amevuka alama. Huyo ndiye mtu aliyesema macho anayo! Nendeni leo hii mkatazame, kwenye mstari ulionyooka vitundu vya vigingi bado vipo, mvua haijanyesha.

Nilikwenda hospitali. Nilimkuta Mpole amefungwa bendeji mpaka machoni, na askari amekaa kando ya kitanda asije akakimbia. Akimbie na nini? Mke wake alikuwa anamnywesha maji kwa kijiko. Akaniuliza, "Dada, ni kweli mume wangu alivuka vigingi?" Nilimwambia hakuvuka. Akaniuliza kwa nini basi sijasema.

Nyumbani nilikalishwa kitako. Shemeji akanisihi niseme vigingi havikuguswa. Akasema Mpole atapona tu, lakini yeye akifungwa ukoo mzima utalala njaa. Mume wangu akaongeza kwamba ya nyumbani hayaanikwi juani. Nikawajibu mficha uchi hazai. Mtu ameungua kwa kutii alichoambiwa, halafu akitoka hospitali aende jela kwa kutotii? Nimekasirika, afande, na andika hivyo hivyo kwamba nimekasirika.

Afande ameniuliza swali. Amesema ua ni mrefu na kamba ina ncha mbili, sasa ncha ya pili alishika nani. Nimeomba maji ya kunywa, nimepewa. Najibu. Aliyeshika ni mume wangu, alikuwa amesimama getini. Na vigingi alivipanda yeye, shemeji akimwelekeza.

Sina la kufuta katika haya. Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona, na nitayasema tena mbele ya yeyote.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, ameyakubali na kutia sahihi mbele yangu. Nilipokuwa nasoma, mume wake alifika kituoni akaketi kwenye benchi la nje, akasema amekuja kumchukua mke wake waende nyumbani. Nimemwambia aingie ndani. Shahidi amempisha mlangoni, akaondoka peke yake.