Aproni Yako Nimeivaa Mimi

Nyumbani,
Chumba cha nyuma, karibu na tangi la maji,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mwanangu Chapuchapu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado unakohoa kila baridi ikianza? Sisi huku hatujambo, kwa kujikaza. Goti langu la kushoto linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi, ila sijalala kitandani. Paa la jikoni tumeliziba. Mdogo wako Kijiti ni mzima, na wembamba wake ni ule ule, akisimama ubavu humwoni. Ameingiwa na adabu ghafla. Wiki mbili zilizopita alilichukua gauni langu la buluu, akasema anakwenda kulipiga pasi. Likarudi na makunyanzi yake yote. Nikasema basi, nia ilikuwa njema.

Mzigo wako umefika. Ile mashine ya kukorogea unga uliyowatumia akina mama wa umoja niliipeleka mwenyewe, nimeibeba kichwani. Plagi yake haiingii kwenye soketi zetu. Mwenyekiti, yule mama mwenye mashine ya kusaga, aliizunguka mara mbili kama anayekagua mbuzi, akaniuliza, "Shangazi mtu, hii ndiyo miaka yetu miwili?" Imefunikwa kitambaa, ipo juu ya kabati, na hakuna anayeigusa.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Kanuni ya ufadhili unaijua, lakini nitaiandika, maana mtu akikaa mbali hukumbuka anachotaka. Umoja wetu husomesha binti mmoja kwa wakati, akachukue sayansi kimu chuoni, kwa mikate tunayooka na kuuza. Kabla hajaondoka hushona aproni yake mwenyewe, akaitundika kwenye msumari ulio karibu na mlango wa chumba cha mikate. Akihitimu anarudi, anaitungua, anaivaa miaka miwili akiwafundisha mabinti wa huku kupika, kushona na kutunza nyumba. Aproni ikiwa bado ipo msumarini, hakuna mwingine anayepelekwa.

Yako ilikaa pale miaka saba. Mitatu ulikuwa chuoni, hiyo sina neno nayo. Halafu ukasema umepata mafunzo ya miezi sita nje. Miezi sita gani hiyo, mwanangu, isiyokwisha miaka minne? Binti wa fundi cherehani alisubiri msumari uwe wazi mpaka akachoka. Sasa anauza vocha stendi, na kila nikipita ananiamkia kwa heshima. Afadhali angenitukana.

Mwezi wa tatu Kijiti akapata nafasi chuo kile kile, somo lile lile. Alikuja mbio na barua mkononi. Nafasi yenyewe ni ya mwaka huu tu, asipokwenda anapewa mwingine. Mimi nina nini cha kumsomeshea? Tangu kaka yangu na mkewe walipotangulia, nimewalea ninyi wawili kwa mikate hiyo hiyo. Ikabidi niende kwenye kikao kuomba.

Sikuombei mabaya, lakini laiti ungekuwepo siku ile. Mwenyekiti hakuniangalia, aliangalia aproni yako. Akasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mbele ya wanawake ishirini, mimi niliyekuwa nawafulia nguo zenu hata nikiwa na homa. Katibu alisema samaki mmoja akioza wote wameoza, wakipeleka dada na mdogo mtu watachekwa mpaka kijiji cha pili. Fundi cherehani ndiye aliyesema kwa upole, na ndiye aliyeniumiza zaidi: "Mimi sina ubaya na mtoto huyu. Ila msumari umejaa."

Kijiti alikuwa nje, amekaa kwenye gunia la unga, anasikia kila neno.

Nikasimama. Nikawaambia, huyo aliyekwenda ni damu yangu, miaka yake miwili nitaitumikia mimi. Walicheka kidogo, wakadhani nimechanganyikiwa. Mimi chuo nimekiona kwenye picha yako tu. Nikavuta kiti, nikapanda na goti langu hili, nikaitungua aproni yako nikaivaa mbele yao. Haikunizunguka. Kamba zilikutana upande mmoja, tena kwa kulazimishwa. Hakuna aliyecheka tena. Fundi cherehani akatoa utepe kwenye mkoba wake, akaniongezea kamba pale pale nikiwa nimesimama. Kikao kikakubali kwamba msumari uko wazi.

Kwa hiyo ujue nafanya nini Alhamisi na Jumamosi. Nawafundisha mabinti kumi na mmoja. Madaftari yako niliyatoa kwenye sanduku lililo chini ya kitanda, nayasoma asubuhi kabla ya somo nikiwa nimevaa miwani ya jirani. Mwandiko wako ulikuwa mzuri sana. Siku moja binti mmoja akaniuliza kwa nini unga wa mkate hupumzishwa. Nikamwambia umechoka, kama mimi. Wakacheka sana, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikatafuta kwenye daftari lako, nikalikuta jibu la kweli, la hamira na hewa, umelipigia mstari mara mbili. Nililia juu ya daftari hilo, Chapuchapu. Mtu anayejua jambo hili vizuri kiasi hiki yuko nchi ya watu anapamba keki, na mimi nisiyelijua nimesimama ubaoni.

Bado nina miezi ishirini na mmoja. Usinitumie kitu. Usimtume mtu aje kunibembeleza, wala usinipigie simu ile ya kusema mtandao mbaya kila nikiuliza swali.

Kijiti anaondoka kesho kutwa. Jana alileta aproni yake, ya kitambaa cha kijani, mishono imenyooka utadhani imepigwa rula. Akina mama wakaisifu, hata mwenyekiti akaishikashika pindo akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kijiti mwenyewe akaitundika. Walipokwenda kutoa mikate nikabaki peke yangu mle ndani. Nikaiona inaning'inia vibaya, pana, kama pazia. Nikasema mtoto huyu kakosea kipimo. Nikaitoa msumarini nikaijaribu.

Ilinikaa sawasawa. Kiunoni, kifuani, na kamba zikanizunguka zikabaki za kufunga fundo zuri nyuma. Hapo ndipo nilipolikumbuka gauni langu la buluu lililokwenda kupigwa pasi.

Sikumwambia kitu. Niliivua, nikairudisha msumarini, nikaenda kuhesabu mikate. Usiku wa jana na asubuhi ya leo nimemwangalia anapanga nguo zake, anaimba, ananiita Shangazi kila dakika, nami naitika.

Yako ilinibana, mwanangu. Ilikatwa kwa mwili wako, kwa hiyo najua siku ile ulipoitundika ulikusudia kurudi. Kwa ajili hiyo bado nakuandikia. Huyu mdogo wako ameshamaliza kuamua kabla hajapanda gari, na amejifunza kwako. Ameona kwamba mtu anaweza kwenda, na Shangazi akabaki akavaa.

Sikuombi urudi. Hilo nimeacha kuliomba. Nakuomba umwandikie yeye, kwa mkono wako, umwambie ulilala vipi mwaka ule wa kwanza ambao hukurudi. Mwambie ukweli hata kama unakuaibisha. Mimi akinisikia atasema ni uchungu wa mwanamke mzee, lakini wewe atakuamini.

Mjomba wako fundi redio anakusalimu, anasema sauti yako aliyoirekodi ukiwa mdogo bado anayo. Bibi mzaa mama anakusalimu, anauliza umekula nini, siku zote anauliza hivyo. Jirani mwenye miwani anakusalimu. Fundi cherehani naye amesema nikusalimu, na binti yake pia. Mwenyekiti hakukusalimu, nami sikumwomba.

Mungu akulinde na hiyo baridi, akupe kazi isiyokuumiza mgongo, na akupe watoto ambao siku moja watakuahidi jambo wakalitimiza.

Mimi niliyekulea, nikupendaye hata nikiwa na hasira nawe,

Shangazi yako.