Reli ya Umoja Wetu

Jumamosi, Chanika

Hata kulia siwezi. Kile kipande cha reli alichokileta babu kutoka shamba la mkonge kule Korogwe, alipoanzisha umoja wa vijana, hakipo tena mtini. Miaka yote tumekigonga kuita watu kwenye msaragambo.

Nimemuuliza Shabani, mwenyekiti wetu. Wala hakuona aibu.

"Dada, tumekiuza kwa wa vyuma chakavu. Sherehe ya kesho bila fulana ingekuwaje?"

Na kesho mimi ndiye wa kusimulia historia ya umoja. Nitaanzia wapi? Bibi anakuja, na kitu cha kwanza atakachotaka ni kusikia chuma cha mumewe kikilia. Nikimwambia...

Nimeijaribu fulana yangu. Kifuani wamechora ile reli.