Mji Wako Umewaka Tena, Mama

Mama,

Najua swali lako la kwanza lingekuwa Baba, kwa hivyo nianze na yeye. Baba yuko, anakula, na jana alinigombeza kwa kuacha jembe nje kwenye umande. Nilipomsikia akinigombeza nilitaka kumkumbatia.

Sitakuficha, kabla ya hapo hali yake ilikuwa mbaya. Matanga yalipoisha na watu wa Wenje na Kulesa wakarudi makwao, alitoa kitanda cha kamba barazani, akakaa akitazama barabara. Alikaa hivyo wiki baada ya wiki. Mto ulijaa, ukamwagika, ukashuka. Unajua maji yakishuka watu wanavyokimbilia ule udongo mweusi kabla haujakauka. Safari hii wote walikimbia isipokuwa yeye. Shamba letu la Kulesa likabaki na magugu, na migomba yako ikaanza kuinama bila mtu wa kuiwekea nguzo.

Mama Abdi hakutuacha. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka alituletea chupa ya chai ya maziwa. Baba alimwambia, "Asante, weka hapo," na jioni Mama Abdi aliichukua ikiwa imejaa vilevile. Hakuwahi kulalamika. Aliimwaga, akaiosha, kesho akaileta tena.

Jioni moja alisimama na hiyo chupa mkononi, akaniuliza, "Rehema, ile mji ya mamako iko wapi?"

Nilidhani anauliza kaburi lako. Nikamwambia uko Kulesa, si alikuja mazishini?

"Si hiyo," akasema. "Ile ya ndani ya kompyuta. Ile ako na njia ya ng'ombe yangu."

Nikaenda chumbani nikakaa kitandani kwako. Nilikuwa nimeusahau, Mama. Ungekuwepo ungeniuliza nimewezaje.

Ile kompyuta ulikuja nayo mwaka ule ofisi ya mradi wa mpunga ilipofungwa. Wenzako waligawana viti na makabati, wewe mpiga chapa ukaomba mashine uliyoichapia barua miaka yote. Baba aliiona ikiteremshwa kwenye mkokoteni akauliza itapika nini. Ndani yake mlikuwa na gemu moja tu, ambalo hatukujua nani aliliweka: gemu la kujenga mji. Unapewa ardhi tupu na mto katikati, unapanga barabara, nyumba, umeme, maji, halafu watu wanakuja wenyewe kukaa.

Wengine wangejenga ukingoni mwa mto, kwa sababu gemu lenyewe lilisema hapo ndipo ardhi ni nzuri. Wewe hukuweka hata kibanda. "Hapa maji yatapita tu, upende usipende," ulisema, ukapanda mashamba, ukasogeza nyumba zote kule juu. Baba akawa anavuta kiti nyuma yako jioni, akijifanya anasubiri chakula.

"Mji huu hauna kanisa?"

"Gemu halina kanisa, Baba Rehema."

"Basi watu wako watasali wapi?"

Ukaweka bustani ya kijani, ukamwambia hilo ndilo kanisa. Kesho yake Mama Abdi alipokuja na kusikia habari hiyo, akadai msikiti, nawe ukaweka bustani nyingine. Kwa juu zilifanana kabisa, na nyinyi watatu mkabishana ipi ni ipi.

Kisha Mama Abdi akaitazama skrini vizuri, akaona mashamba yamejaza ukingo mzima, na mitaa nyuma yake, bila nafasi. "Sasa ng'ombe yangu itapita wapi ikunywe maji?" Alisema kwa mzaha, lakini sote tuliokuwa humo ndani tunajua watu wa huku, wakulima na wafugaji, wamepigana na kuzikana kwa ajili ya swali hilo. Wewe hukucheka. Ulibomoa mtaa mzima, ukaacha uwazi kutoka juu hadi majini, ukamwonyesha kwa kidole: "Malka yako hii, wateremke wanywe." Tangu hapo kila ulipofungua, yule mshauri aliyemo ndani ya gemu alikuandikia kwamba ardhi ile imekaa bure na inafaa kujengwa. Ukawa unamjibu kwa sauti: "Huyu hajawahi kuishi hapa Garsen."

Nami ulinikalisha mapajani, baadaye kwenye stuli, ukanifanya niandike mwenyewe amri za kulifungua. Nilipokosea nililia. Ulisema, "Kompyuta haikasiriki. Inakuambia tu imekwama wapi. Soma." Mama, leo nafanya kazi saiba, duka la intaneti hapa mjini, watu wananiletea mashine zao zilizozima, na sina elimu nyingine kubwa kuliko hiyo uliyonipa kwenye stuli. Nasoma inaniambia imekwama wapi. Nilitaka kukushukuru ukiwa hai, na nadhani niliwahi, lakini si kwa maneno marefu kama haya.

Basi nikaishusha kompyuta kutoka juu ya kabati. Ilikuwa bado imefungwa kwenye leso yako, kama ulivyoifunga ilipokataa kuwaka. Leso ilikuwa na alama ya matope chini. Nikakumbuka mafuriko yale, tulipokimbilia kambini, nawe umeibeba kichwani. Baba alikuambia, "Watu wanabeba magodoro, wewe unabeba maiti." Ukamjibu kwamba haijafa, imelala. Aliudhika siku nzima, kwa sababu godoro lake lilikwenda na maji.

Mashine yenyewe sikuweza kuifufua. Chuma chote ndani kilikuwa na kutu. Lakini diski, Mama! Niliitoa, nikaiunganisha na laptopu kwa waya maalumu, ikanguruma kama mashine ya kusaga. Nilinakili kila kilichokuwemo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kikawa faili moja kubwa. Baada ya hapo diski ilinguruma mara moja zaidi, ikanyamaza, na haijasema neno tena. Ilinisubiri.

Sasa ngoja nikueleze nilichofanya, maana wewe ungetaka kujua. Siku hizi kuna programu za bure zinazoigiza kompyuta ya zamani. Ndani ya laptopu yangu unaiunda mashine nyingine, ya kufikirika: unachagua prosesa yake, kumbukumbu yake, kadi yake ya picha, hata aina ya kibodi, na ile faili kubwa unaipa iwe diski yake. Ukimaliza unabonyeza kuwasha, na kompyuta ya wakati ule inaamka ndani ya kompyuta ya wakati huu, bila kujua kwamba haina mwili.

Mara ya kwanza haikuiona diski kabisa. Skrini nyeusi, mstari mmoja mweupe: hakuna diski. Nikaisoma, kama ulivyonifundisha. Mashine za zamani zilitaka ziambiwe diski imegawanywaje, na vipimo vyenyewe viliandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski. Nikaifuta vumbi, nikavinakili. Ikawaka. Likatokea jina la mradi wa mpunga, na barua zako zote bado zimo.

Kisha mausi ikakataa, kwa sababu nilikuwa nimeipa mashine mausi ya kisasa, na yenyewe ilijua ile ya zamani tu. Nikabadilisha. Gemu likafunguka. Ramani ikajichora polepole, na juu kabisa likatokea jina ulilolipa mji: Garsen ya Juu. Nililiangalia mpaka macho yakaniwasha.

Lakini nilikuwa nimefanya ujinga. Wakati wa kuchagua prosesa nilichukua yenye nguvu kuliko zote, nikidhani nakufanyia hisani. Mji ukaanza kukimbia. Miezi ikapita kama abiria wa basi la usiku, mwaka ukaisha kabla sijafika kwenye kitufe cha kusimamisha, barabara zikachakaa, nyumba za juu zikahamwa. Niliuona mji wako ukizeeka mbele yangu. Niliizima haraka bila kuhifadhi, ingawa nilijua nina nakala. Nikarudi, nikachagua prosesa dhaifu, ileile uliyokuwa nayo. Safari hii miezi ikatembea kama zamani, kwa mwendo wako.

Ikabaki sauti. Ningeweza kuacha, mji ulikuwa unafanya kazi. Lakini bila ule muziki wa kufungulia haukuwa wako. Nilifungua tena lile sanduku lenye kutu, nikasoma maandishi kwenye kadi ya sauti, nikaipa mashine ya kufikirika kadi kama hiyo, kwenye anwani ileile. Bado kimya. Nikasoma faili ya kuwashia mstari kwa mstari, nikaona namba moja haikulingana na niliyoiweka mimi. Nikailinganisha. Muziki ukatoka, ule wa kinanda unaorukaruka, na mteja aliyekuwa anachapisha vyeti vyake saiba akageuka kuniuliza mbona nalia.

Jumapili baada ya ibada nilimwita Mama Abdi, nikaweka laptopu barazani juu ya meza ndogo, hatua chache kutoka kitanda cha Baba. Baba sikumwita. Nilifungua tu.

Muziki ulipoanza, Baba aligeuza kichwa. Kisha akasema, "Huyo ni Mama Rehema."

"Ni mji wake, Baba."

Aliinuka. Mama Abdi akampisha kiti, Baba akakaa, akauangalia mji kutoka kona hadi kona kama mtu anayekagua shamba baada ya maji kushuka. Akaiona malka. Akaziona bustani mbili, na bila kuulizwa akaonyesha ipi ni kanisa. Alikosea, Mama Abdi akamsahihisha, wakaanza ubishi wenu. Halafu akanyoosha mkono akashika mausi. Miaka yote ile hakuwahi kuigusa, unakumbuka? Vidole vyake vinene vikaifunika yote.

"Inaendaje?"

Nikamwonyesha pa kubonyeza, mji ukaanza kutembea. Magari madogo, moshi, watu wakihamia. Akawa ameinama karibu na skrini. Kisha moto ukazuka jirani na shule.

Mama, aliruka. Kiti kikaanguka. "Moto! Rehema, moto! Moto!" Sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kukuzika. Na wewe unajua mtaa wetu. Kabla sijafungua kinywa, Abdi alikuwa ameruka ua na ndoo, wanawake wa jirani wakaja na madebe, vijana wa boda boda wakaacha pikipiki njiani, mmoja amebeba mchanga kwenye kofia ya chuma.

"Uko wapi? Moto uko wapi?"

Baba, bado amechanganyikiwa, akaonyesha skrini: "Hapa! Karibu na shule!"

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka ndoo ya Abdi. Wakausogelea wote, wakaangalia kale kamoto kadogo kanakochezacheza. Kijana mwenye mchanga akauliza kwa heshima kabisa, "Sasa mzee, hii inazimwa aje?"

Mama Abdi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa chini na buibui lake. Kisha Baba akacheka. Alicheka akishika magoti, akicheka kila alipomtazama mwenye kofia, na ndoo zote zile, na mimi. Akafuta macho na pindo la shati, na hapo kicheko kikageuka, mabega yakaendelea kutikisika lakini hakikuwa kicheko tena. Hakuna aliyeondoka. Abdi aliweka ndoo chini akasimama kando yake mpaka kikaisha.

"Mwenye mji angejua la kufanya," Baba alisema.

Lakini ulikuwa umeshafanya. Kule juu, nyuma ya hospitali, ulijenga kituo cha zimamoto zamani sana, wakati hakuna aliyekuomba. Nikamwonyesha pa kubonyeza, na watu wote wa mtaa, na ndoo zao, wakasimama kukiangalia kigari chekundu kikishuka barabara ulizozichora, mpaka moto ukazimika. Wakapiga makofi. Walikupigia wewe.

Jioni ile nilimuuliza Baba kama niuhifadhi mji jinsi ulivyouacha, tusiuguse. Nilimweleza kwamba naweza kuwa na nakala mbili. Alifikiri. "Weka mmoja hivyo hivyo," akasema. "Ule mwingine tuufanyie kazi." Kisha akaniuliza udongo wa Kulesa umefika wapi, bado una maji? Alfajiri akaondoka kabla sijaamka. Tumechelewa, majirani wanatucheka kidogo, lakini mahindi yameota, na migomba yako ina nguzo mpya.

Asante, Mama. Asante kwa stuli, na kwa kutonifukuza nilipokuwa nabonyeza kila kitu. Asante kwa kuwa mtu wa kucheza, katika nyumba iliyokuwa na kila sababu ya kuwa na huzuni. Asante kwa Mama Abdi, maana urafiki huo ni wewe uliyeujenga, nasi tunakaa ndani yake.

Nakuahidi jambo moja, nalo si kubwa. Baba hatakula peke yake. Siku nikiwa saiba, Mama Abdi atakuwa hapa au atamtuma Abdi; siku wasipoweza, nitafunga mapema nirudi. Hatukukaa kikao kulipanga. Jana nilichelewa, nikakuta sahani tatu zimewekwa mkekani, yangu, yake na ya Mama Abdi, zimefunikwa, na Baba ananingoja na njaa yake, amekasirika kabisa.

Pumzika, Mama yangu. Naenda kula.

Rehema wako