Ndivyo Ulivyosema, Kaka?

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko Tanga? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa mvua kimepoa? Sisi huku Dar es Salaam tu wazima wa mwili, alhamdulillahi, wala hatuna la kumlalamikia Mola. Lakini nyumba imekuwa nzito. Nimebanwa humu kama kitambaa chini ya cherehani yako: mbele sindano, nyuma gurudumu.

Nikienda sokoni Kariakoo, wanawake wenzangu wananiambia, "Mumeo ndiye aliyemhamisha kaka yako mji." Nikirudi ndani, namkuta shemeji yako kainamia madaftari ya wanafunzi wake, hanisemeshi. Nikikutetea wewe, namchoma yeye. Nikimtetea yeye, nakuwa nimekuuza wewe. Basi nakaanga vitumbua vyangu.

Nazikumbuka Ijumaa zetu, kaka. Mkitoka msikitini mnakuja moja kwa moja barazani, wewe na futi yako ya kupimia bado iko shingoni, yeye na kanzu iliyopigwa pasi kama ya bwana harusi. Mimi namimina kahawa. Wewe ndiye unayemwanza: "Haya, mtu wa serikali, leo Mwingereza kakuruhusu kuongea?" Naye: "Kaniruhusu nikusikilize tu, shemeji. Adhabu hiyo inatosha." Mnacheka mpaka Kanji wa duka la kanga anatoka nje kutazama kuna nini.

Halafu kazi inaanza. Lile sharti la marehemu baba hamkulivunja hata siku moja: kabla hujampinga mwenzio, uieleze kwanza hoja yake yote, vizuri kuliko alivyoieleza yeye, mpaka mwenyewe akiri, "Ndivyo nilivyosema." Ndivyo baba alivyowalea wanafunzi wake chuoni. Akisema, mzigo wa mwenzio ubebe kwanza, ndipo uujue uzito wake.

Wewe ulishikilia kuwa uhuru haungojwi. "Anayekaa nyumba ya mwenziwe hajifunzi kuezeka." Yeye akitaka watoto wasome kwanza, tena alikuwa akiliogopa hilo neno taifa. "Leo tunasema sisi na Mwingereza," akakuambia siku moja. "Akishaondoka tutaanza kuulizana sisi ni nani. Kanji huyu, aliyezaliwa mtaa huu huu, atakuwa nani?" Ukapiga funda la kahawa, ukasema, "Hapo umenishika, shemeji. Lakini siwezi kulala mvuani kwa kuogopa kugombania vyumba." Mlikuwa na uchungu wote wawili, wala sikuwahi kusikia tusi.

Kisha ukaitwa kuzungumza kwenye mkutano pale Mnazi Mmoja. Nilikuwepo, upande wa wanawake, moyo unanidunda kwa fahari. Ukaanza kama mlivyozoea barazani: ukaeleza kwanza, kwa heshima zote, maneno ya wale wanaosema tungoje. Ukayaeleza vizuri mno, kaka. Watu wale hawakulelewa na baba yetu, wakadhani hayo ndiyo yako. "Kibaraka! Shuka!" Ukageuka kumtazama shemeji yako, aliyekuwa kajibanza nyuma kabisa ukutani. Ukangoja alitamke lile neno letu, "Ndivyo nilivyosema," watu wajue maneno ni ya nani, nawe upate kuendelea na yako.

Nami nilimwona mdomo ukifunguka. Karibu naye walikuwa wamesimama askari kanzu, na unajua walimu wa serikali walikatazwa hata kuonekana pale. Mdomo ukafumba. Wakakushusha.

Jioni yake ukaifunga cherehani kwa kamba. Mlangoni ukaniambia, "Nimembeba mbele ya watu wote. Yeye kashindwa hata kunipokea." Hukumuaga.

Wallahi sijui nimlaumu nani. Angelitamka, leo angekuwa hana kazi, na wanangu hawana ada. Hakulitamka, na mimi sina kaka. Nasali, naomba, nikiinuka kwenye mswala najikuta pale pale.

Sasa nikuambie kilichonishikisha kalamu. Ijumaa iliyopita shemeji yako alitoka barazani peke yake, akatandika mkeka, akaketi upande wake. Upande wako akauacha wazi. Nikamsikia: "Shemeji anasema uhuru haungojwi, kwa kuwa anayekaa nyumba ya mwenziwe hajifunzi kuezeka. Tena anayengoja sana huzoea kufumba mdomo, hata siku ndugu yake anapomhitaji, haufunguki tena."

Akangoja. Nikamwonea huruma, nikajibu toka mlangoni, "Ndivyo."

Akatikisa kichwa. "Wewe huwezi kumkiria, mama Mwanaidi. Mpaka mwenyewe."

Kahawa ikapoa, nikaimwaga.

Kaka, la kuezeka nalikumbuka. Hilo la mdomo sikulisikia kwako kamwe, na mimi ndiye niliyekuwa nikimimina kahawa Ijumaa zote. Mkeka wenu sijaukunja. Nakuomba utujibu mapema, na barua umwandikie yeye, si mimi, umwambie kama ndivyo ulivyosema.

Mungu akulinde huko uliko.

Ni mimi, mdogo wako, mtoto wa mwisho wa baba.